Uwanjani mbwa wangu ni mtakatifu, nyumbani ni mhuni. Kosa ni la klabu, la mbwa au langu?

#1 Baba_Kiamunyi
Wadau, hamjambo. Swali hili limeninyima usingizi, mimi na majirani.

Nina mbwa dume wa miezi 10, chotara wa jamani shepadi na mbwa wa kienyeji. Ni wiki ya sita sasa kila Jumamosi saa tatu asubuhi nampeleka darasa la utiifu kwenye klabu moja hapa Nakuru. Tuko mbwa tisa. Tunazunguka uwanja, mbwa mkono wa kushoto, kamba imelegea mpaka ina tumbo. Mwalimu akisema tusimame, tunasimama, na mbwa wanatakiwa waketi wenyewe bila kuambiwa. Wangu huwa wa kwanza kuketi. Jumamosi iliyopita kongoti alitua katikati ya uwanja, wale wenye kipara na mfuko shingoni. Mbwa wanane waliondoka na wenyewe, mama mmoja akaburutwa kwenye nyasi na mbwa wake wa aina ya boaboeli mpaka kiatu kikabaki nyuma. Wangu aliketi tu, macho yakiwa usoni kwangu. Nilirudi nyumbani kama mzazi aliyetoka kupokea zawadi ya mtoto shuleni.

Sasa nyumbani. Namwita, ananitazama, anaenda kukojolea ndoo ya mama watoto. Namwambia aketi, anapiga miayo. Jumatano alitoka getini na kiatu cha mgeni mdomoni mpaka barabara ya lami, mimi nyuma yake nikiwa na taulo kiunoni. Ilikuwa saa za watoto kutoka shule.

Ni mbwa yuleyule. Shida iko wapi?

#2 KijanaWaLanet
Buda, hapo hakuna fumbo. Klabu kuna vipande vya maini mfukoni, nyumbani kuna ugali wa jana. Hata mimi ningetii penye maini.

#3 Mama_Simba58
Pole baba, lakini nimecheka hiyo ya taulo.

Mimi nilimaliza darasa kama hilo mwaka jana na Simba wangu. Siku ya kwanza mwalimu alituambia, "Darasa hili ni la watu, mbwa wamewasindikiza." Nilikasirika, nikaona nimelipa pesa nije nitukanwe. Baadaye nilielewa. Wiki ina saa 168. Wewe unampeleka klabu saa moja. Hizo 167 nyingine anafundishwa na nani? Kama ni mnyororo na geti, basi hao ndio walimu wake.

Tulipewa kazi ya nyumbani, dakika tano asubuhi na tano jioni. Sema ukweli, unaifanya?

#4 Nyar_Dunga
Niko Kisumu. Huku tunafunza wenyewe, watu watano sita tunakutana Jumapili jioni, hatuna klabu ya maana.

Mimi kisa changu ni kinyume cha #1. Yangu nilimfundisha jikoni. Jikoni anaketi, analala, anangoja sahani ishuke chini mpaka nimruhusu. Nikampeleka Dunga ufuoni, upepo, samaki, watoto, ndege. Nikamwambia aketi. Alinitazama kama mtu aliyesemeshwa Kichina. Sikuamini.

Nilichokuja kugundua ni kwamba mbwa hajui "keti". Anajua "keti hapa jikoni, mama amesimama kando ya friji". Ukibadilisha mahali, kwake ni somo jipya. Ilibidi nianze upya uani, halafu getini, halafu njiani, na ufuoni mwisho kabisa. Kila mahali alishika haraka kuliko pa kwanza, ila ilibidi kuanza. Kwa hiyo Baba_Kiamunyi, wako amefundishwa uwanja. Nyumbani hajafundishwa bado.

#5 Msomi_wa_Kijiweni
#4 amekaribia lakini jibu liko kwa yule Mrusi, Pavlov. Aliwapigia mbwa kengele mpaka wakawa wanadondokwa mate, akapewa tuzo ya Nobel kwa hiyo kengele. Klabu ndiyo kengele. Akiona uwanja, akili ya kutii inawaka. Nyumbani hakuna kengele.

#6 Mwalimu_Mstaafu
Naomba nisahihishe kidogo. Pavlov alipewa Nobel mwaka 1904, ndiyo, lakini kwa utafiti wake wa jinsi chakula kinavyosagwa tumboni. Habari ya mate ilizuka humohumo kwenye utafiti huo, mbwa wakaanza kudondokwa mate kabla chakula hakijafika. Na mate hayatoki kwa hiari. Kuketi mbwa anaamua. Kwa hiyo hata kengele ikipigwa, maelezo hayo hayatoshi kwa kuketi.

Pili, nikiwa hapa: mageti yote ya Nakuru yameandikwa "Mbwa Kali". Ni mbwa MKALI. Mbwa ni kiumbe hai, anaingia ngeli ya A-WA. Miaka thelathini nimepigania hilo.

#7 KijanaWaLanet
Mwalimu, mwizi akisoma "mkali" na "kali" anaruka ukuta uleule.

#8 Bondeni_Ndani
Assalaam aleikum. Nami niko darasa la namna hiyo, na najua kuna watakaoshangaa, maana ni Muislamu wa Bondeni. Kabla hamjaniletea ile methali, nimeshaletewa na shemeji.

Mbwa wangu ni wa kulinda stoo. Haingii ndani, ana pake. Na kufundisha mbwa si jambo la wazungu peke yao. Sura ya al-Maida, aya ya 4, inataja wanyama wa kuwinda waliofundishwa, na kwamba wanachokukamatia ni halali. Kwa hiyo mbwa aliyefunzwa anajulikana zamani. Shida kwetu Mashafii, yaani wa madhehebu ya Imam Shafii, ni mate ya mbwa, chombo alichoramba kinaoshwa mara saba na moja kwa udongo. Kwa hiyo darasani navaa ovaroli yake maalum, inabaki kwenye gunia kwenye buti. Na kipande cha nyama simpi mkononi, nakiangusha chini mbele ya miguu yake. Mwalimu aliposikia sababu alinyamaza kidogo, kisha akasema ni sawa, tena mbwa anayeokota chini haruki kumtafuna mtu vidole.

Sasa jambo linalonishangaza: wangu ni kinyume na wa #1. Nyumbani ananitii kwa ishara ya kidole. Klabu anakuwa mwendawazimu, anataka kunusa kila mbwa. Kwa hiyo hoja ya maini haisimami, maana nyama ni ileile pande zote mbili.

#9 Mwalimu_Mstaafu
Mcheza na mbwa huingia naye msikitini. 😀 Nakutania, ndugu yangu. Umeeleza vizuri.

#10 Bondeni_Ndani
Nilijua tu.

#11 TuktukPilot_KSM
Mimi sina mbwa ila nawabeba. Wenzangu wengi wakiona mbwa stejini wanageuka, boda ndio kabisa. Nina karatasi ya nailoni natandika nyuma. Niliwahi kubeba moja kutoka Mamboleo ikatapika ugali na omena kwenye viatu vya mwenyewe, harufu ilikaa mpaka Krismasi. Ushauri wangu wa kitaalamu, asile kabla ya safari.

Ila nimeona kitu. Yule anayekuja na mbwa kwa kumvuta ndani ya tuktuk kwa shingo, siku zote mbwa anagoma. Yule anayeingia yeye kwanza akakaa kama hana habari, mbwa anaruka mwenyewe. Sijui maana yake, nasema nilichoona.

#12 Kiboko_Halisi
Mnazunguka mbuyu. Mbwa anataka kujua nani mkubwa wa boma. Klabu anajua ni mwalimu. Nyumbani anajua ni yeye. Fimbo moja Jumatano ile ya kiatu na uzi huu usingekuwepo.

#13 Daktari_Ngombe
#12, tupunguze. Mimi ni daktari wa mifugo, ng'ombe zaidi ila mbwa pia wananipata. Kwanza kuna sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, na kumpiga mnyama ovyo ni kosa. Pili haifanyi kazi. Mbwa aliyekimbia na kiatu, ukamwita, akaja, ukamchapa, ameelewa hivi: nilikuja, nikapigwa. Kiatu alishakisahau. Kesho ukimwita anahesabu hatari.

Baba_Kiamunyi, naomba ukweli. Jumatano ulipomshika ulifanya nini?

Na la tatu, miezi 10 ni ujana. Kuanzia kama miezi sita hadi mwaka na nusu mbwa wengi wanakuwa viziwi wa hiari. Aliyekuwa akikufuata hadi chooni anaanza kuona dunia ina mambo mengine. Wanapita. Watu wengi wanakata tamaa hapo hapo na mbwa anarudishwa kwenye mnyororo.

#14 Baba_Kiamunyi
Nimesoma yote, asanteni.

@Mama_Simba58, kazi ya nyumbani... wiki ya kwanza nilifanya.
@Daktari, nilimchapa sandali moja. Mbili.
Boma lina watu saba, nawaza kama hilo nalo linahusika.

#15 Nyar_Dunga
Watu saba! Na kila mmoja anamwambia nini? Andika maneno yenyewe, usitafsiri.

#16 Baba_Kiamunyi
Haya. Klabu ni Kiingereza, "sit", "stay", "down", "come".

Nyumbani mimi husema "kaa". Akishakaa nasema "kaa hapo". Akikaribia nyama nasema "kaa mbali". Watoto wanasema "sit" lakini mara kumi mfululizo. Mama mkwe ametoka Bahati, yeye ni "ikara thĩ" (keti chini, Kikuyu hicho). Mke wangu ana neno moja tu kwa mambo yote, "Toka!" Msichana wa kazi akirukiwa na miguu ya mbele anasema "down!"

#17 Mwalimu_Mstaafu
Mungu wangu.

Tazameni hilo neno "kaa". Kwa Kiswahili ni kuketi, ni kubaki, ni kuishi, hata kusogea ukisema "kaa mbali". Bado kaa la moto na kaa wa baharini. Sisi tunaelewa kwa maneno yanayofuata. Mbwa anasikia "kaa" mara tatu, na kila mara anatakiwa afanye jambo tofauti. Ningekuwa mimi ningepiga miayo pia.

Chagueni maneno yasiyofanana: "keti", "subiri", "lala", "njoo". Silabi zake hazigombani.

#18 Mama_Simba58
Na hiyo "down" ya msichana wa kazi! Klabu "down" ni lala kifudifudi. Kwake ni shusha miguu. Kwetu kwa kuruka tulikubaliana neno "shuka", halafu nikabandika karatasi kwenye friji, maneno sita, hata mgeni anasoma.

#19 Nyar_Dunga
Mimi sikubaliani sana na hii ya lugha. Mama yangu hajui Kiingereza cha mbwa wala keti yenu. Anamwambia tu kwa Kijaluo "bed piny", keti chini, na mbwa anaanguka chini kama gunia. Hajawahi kumpa hata mfupa. Mimi mwenye maini naambulia nusu. Nilimuuliza siri, akasema, "Mimi husema mara moja, halafu nasimama hapo mpaka aketi. Ninyi mnasema mkipita."

#20 Daktari_Ngombe
Huyo dani (nyanya kwa Kijaluo) amemaliza kozi.

#21 Mlinzi_wa_Ngata
Mnisamehe nitoke nje kidogo. Mnataka mbwa atii kila mtu kwa nini? Mbwa wa boma kazi yake ni kutisha. Jirani alimpeleka wake klabu, akarudi mpole, mtu yeyote akisema "sit" anaketi. Sasa mwizi si atasema "sit"?

#22 KijanaWaLanet
Hapo mwizi lazima awe amesoma. "Mbwa MKALI, sit!"

#23 Bondeni_Ndani
#21, hilo nililifikiria kabla ya kujiunga, maana stoo ndiyo riziki. Kwa upande wangu ukali haukupungua. Kilichobadilika ni kwamba nikimwambia basi, anaacha. Zamani alikuwa akibweka tangu magharibi hadi alfajiri, majirani wakazoea, hata angebweka kwa mwizi nani angeamka? Sasa akibweka natoka na tochi.

Na tulifundishwa "acha". Unaweka nyama chini, unaifunika kwa kiganja, akiacha kuisukuma unampa nyingine, si ile. Huku wezi wanarusha nyama yenye sumu juu ya ukuta. Siwezi kuapa kwamba usiku peke yake ataacha, nikiwa nimelala. Lakini nikiwepo anaacha.

#24 Mlinzi_wa_Ngata
Hiyo ya nyama nimeielewa. Ya kwanza bado nina shaka.

#25 Wanjiru_wa_Njoro
Nina swali la mgeni. Nina kitoto cha mbwa cha wiki tisa. Naweza kukipeleka darasani? Na leseni nachukulia wapi, mtu aliniambia mpaka Nairobi.

#26 Msomi_wa_Kijiweni
Leseni ni Nairobi kweli. Chanjo ya kichaa cha mbwa mdunge moja tu, inatosha maisha. Wangu alidungwa 2019 na yuko sawa.

#27 Daktari_Ngombe
Msomi, ndugu yangu, makosa mawili ndani ya mstari mmoja.

Leseni za mbwa ni kazi ya kaunti. Imeandikwa kwenye Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, watu hawaamini mpaka wasome. Ulizia ofisi ya mifugo ya kaunti.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kuanzia miezi mitatu, halafu huku kwetu tunarudia kila mwaka. Yako ya 2019 mpeleke wiki hii tafadhali. Kila tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani na karibu na hapo huwa kuna kampeni za chanjo, angalieni matangazo. Na mtu akiumwa, kidonda kinaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo. Si pilipili wala mafuta ya taa.

Wanjiru, wiki tisa usimweke chini uwanjani bado. Kuna ugonjwa wa pavo, virusi vyake vinakaa ardhini miezi mingi. Chanjo zake zinaanza wiki ya sita hadi ya nane, zinarudiwa kila wiki tatu nne mpaka wiki ya 16. Lakini usimfungie gizani, maana kipindi cha wiki 3 hadi 14 hivi ndicho cha kuzoea dunia. Mbebe. Aone matatu, aone mtu mwenye mwavuli, asikie pikipiki, akiwa mikononi mwako.

#28 Wanjiru_wa_Njoro
Asante daktari. Nitambeba kwa leso kama mtoto.

#29 Mwalimu_Mstaafu
Samaki mkunje angali mbichi.

Baba_Kiamunyi, kuna kitu tumesahau kuuliza wote. Huyo mbwa anaitwa nani?

#30 Baba_Kiamunyi
Anaitwa Njoro. Nilimchukua kule Njoro, karibu na Chuo Kikuu cha Egerton.

#31 Mwalimu_Mstaafu
Na ukimwita nyumbani unasemaje?

#32 Baba_Kiamunyi
"Njoro, njoo."

Ngoja.

#33 KijanaWaLanet
😂😂😂 Nimetapika chai.

#34 Mama_Simba58
Njoro njoo njoro njoo. Maskini mnyama wa watu.

#35 Wanjiru_wa_Njoro
Kwetu tumekosa nini jamani.

#36 Mwalimu_Mstaafu
Jina lake linaitwa mara ngapi kwa siku katika boma la watu saba? Njoro ametafuna, Njoro amekojoa, Njoro yuko wapi. Kila mara anasikia "njo" na hakuna kinachofuata. Amejifunza kuwa sauti hiyo haina kazi. Klabu neno ni "come", halifanani na jina. Ninaona tumepata jibu.

#37 Nyar_Dunga
Mwalimu usifunge kesi. Na kuketi je? "Kaa" haifanani na Njoro.

#38 Daktari_Ngombe
Na sandali mbili je?

#39 Baba_Kiamunyi
Nimerudi, leo ni Jumapili jioni. Nimefanya majaribio kama mlivyosema.

Jana klabuni nilimwita kwa "njoo" badala ya "come". Alikuja. Kwa hiyo mwalimu, nadharia ya jina imepata tundu. Leo nyumbani nilimwita kwa "come", nikiwa sebuleni na yeye uani. Hakuja. Nikatoka na maini mfukoni, nikasema "come" nikiwa nimesimama palepale kwenye ndoo. Alikuja nusu, akasimama hatua tatu kutoka kwangu, akawa ananitazama mkono. Si uso, mkono. Nikakumbuka ya sandali, nikaona aibu kidogo. Nikachuchumaa, nikageuza uso pembeni, nikakiweka kile kipande chini kama Bondeni. Akaja akakichukua. Sikumshika.

Mama mkwe alikuwa mlangoni anatazama yote hayo. Akasema "ikara thĩ". Akaketi.

#40 KijanaWaLanet
Mpeleke mama mkwe klabu Jumamosi, wewe baki na ndoo.

#41 Kiboko_Halisi
Si nilisema ni ukubwa wa boma? Mama mkwe ndiye mkubwa. Sikutaja fimbo mara hii.

#42 Nyar_Dunga
Si ukubwa, ni kwamba alisema mara moja akangoja. Soma #19.

#43 Bondeni_Ndani
Au ni kwa sababu yeye hakuwahi kumchapa. Watoto je, wanapata?

#44 Baba_Kiamunyi
Watoto wanasema "sit sit sit sit", anaketi kwenye ya nne hivi. Mama watoto amekubali kujaribu "keti" ila bado "Toka!" inamtoka.

#45 TuktukPilot_KSM
Na kile kiatu cha mgeni?

#46 Baba_Kiamunyi
Kiko kwa jirani. Njoro alikiangusha pale getini kwake, na mbwa wa jirani amekilalia tangu Jumatano. Jirani mwenyewe ameshindwa kukitoa. Huyo hajawahi kwenda klabu.

#47 Mlinzi_wa_Ngata
Huyo ndiye mbwa. Anauzwa?